Mkono Uliochonga

"Msasa umekwisha dukani," sauti ilisema kwenye kifaa kilichofichwa sikioni.

Randa alikuwa juu ya ngazi, shada la maua ya njano begani, pini zimejaa mdomoni. Hakutikisika. Kwa watu wa idara yake maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: acha ulichoshika, kuna watu watakufa leo.

Akatema pini kiganjani.

"Duka lipi?" aliuliza, midomo haichezi.

"Hilo hilo ulilomo," alijibu Mkuu wake. "Tumemkamata mtu wao wa umeme. Ametapika yote. Bomu limefichwa ndani ya ubao mmoja hapo ukutani. Upi, hajui. Kitufe cha kulilipua anacho Mfadhili mwenyewe."

Randa aligeuza kichwa polepole, kama mpambaji anayetazama kazi yake. Kwa muda wote aliokuwa akimwinda Mfadhili, alikuwa akijua ni mfanya magendo ya silaha anayejificha nyuma ya sadaka. Ndiyo maana alijipenyeza kwenye ukumbi huu mpya wa ibada wa Wahindu, akajifanya mtu wa maua. Bomu hakulitarajia.

Ukutani zilining'inia mbao saba za msaji, kila moja ndefu kama mlango. Ganesh mwenye kichwa cha tembo, tumbo mbele, panya wake miguuni. Krishna na filimbi. Saraswati amepakata ala yake ya nyuzi. Lakshmi amesimama juu ya ua la yungiyungi. Na wengine, kila mmoja amezungukwa na majani na tausi, na shanga zilizochongwa moja moja mpaka ukatamani kuzihesabu kwa kidole. Mfadhili alizitoa zawadi, akapigiwa makofi.

Aliyezichonga ni Fundi, kaka yake Randa. Hajaonekana tangu siku mbao zilipotoka karakanani.

"Na kaka yangu?"

Mkuu alishusha sauti.

"Yu hai. Wamemficha. Yeye ndiye aliyeona ubao ukichimbwa kwa nyuma, kwa hiyo hawana mpango wa kumwacha. Sikiliza. Wapatanishi wa nchi mbili zinazopigana, zinazonunua silaha kwa Mfadhili, wako njiani kuja kuufungua ukumbi. Wakifika darajani, nawageuza. Siwezi kuwaingiza humo."

"Ukiwageuza, Mfadhili atajua."

"Atajua."

"Atamuua Fundi. Na akitaka atalipua ukumbi na hawa waumini wote waliokwisha kukusanyika."

"Toa watu basi."

Randa alitupa jicho mlangoni. Pale alisimama Koti, mtu wa Mfadhili, anayevaa koti zito hata jua likiwaka. Redio ya Motorola kiunoni, macho kila mahali. Watu wakianza tu kutolewa, Koti ataongea, na Mfadhili atabonyeza.

"Nipe muda, Mkuu."

"Muda wako ni huo wa msafara kufika darajani. Zaidi ya hapo nisamehe sana, dada yangu."

Mkuu hakuwahi kumwita dada. Hapo ndipo Randa alipoogopa hasa.

Alishuka ngazi. Mfukoni alikuwa na kifaa kidogo mfano wa kiberiti, cha kuua mawimbi ya redio. Kifaa kizuri, lakini chenye ubahili wake: kilifanya kazi kikigusana na bomu au kikiwa karibu nalo kiasi cha shubiri. Nacho kilikuwa kimoja. Mbao saba. Akikosea, hapatakuwa na mtu wa kumlaumu.

Alitazama nyuso za mbao zile, moja baada ya nyingine, akitafuta alama yoyote. Hazikumrudishia mtazamo.

Hazikuwa na macho.

Mahali pa macho palikuwa laini, pamepigwa msasa tu. Alikulia kwenye maranda ya mbao ya karakana ya baba yao, jina lenyewe la Randa alilipata huko. Aliujua utaratibu. Mchongaji wa miungu huacha macho mpaka mwisho. Huyafungua siku mchongo unapowekwa mahali pake, kwa dua, na huyafungua kwa mkono ule ule uliochonga. Kabla ya hapo, ule ni ubao tu.

Mfadhili hakuwa mtu wa mambo haya. Alinunua mbao kama anavyonunua vigae.

Randa alimfuata Pandit, kuhani wa ukumbi, mzee mwembamba aliyekuwa akipanga taa za mafuta.

"Pandit, samahani. Macho atafungua nani?"

Mzee alikunja uso. "Mfadhili amesema fundi anaumwa. Ataleta mtu ayapake rangi."

"Nawe umekubali?"

"Binti yangu, wewe si wa maua?"

"Mimi ni dada yake huyo fundi." Alisema kwa sauti ya chini. "Haumwi. Wamemfungia. Ukikubali hiyo rangi, mimi sina kaka tena. Mwambie Mfadhili, bila mkono uliochonga hakuna ibada. Bila ibada, wageni hawavuki kizingiti."

Pandit aliiweka taa chini. Alimtazama Randa kwa muda, kisha akazitazama mbao.

"Huo si uongo," alisema. "Ningepaswa kuyasema mwenyewe. Niliona haya, kwa vile ametupa vyote hivi."

Akatoa simu yake, Nokia ya vitufe, akapiga. Randa aliisikia sauti ya Mfadhili, laini kama ya muuza manukato.

"Pandit, mambo madogo hayo."

"Kwako madogo."

"Wageni wako njiani, mzee wangu."

"Wakija watakuta mlango umefungwa. Nitawaomba radhi mwenyewe."

Randa alisogeza sikio karibu na simu.

"Basi namleta," alisema Mfadhili. "Ila mkono wake si mzima sana." Simu ikakatika.

Prado nyeupe ilisimama ng'ambo ya barabara. Mfadhili hakushuka. Koti alitoka, akarudi na Fundi kamshika kiwiko, utadhani anamsindikiza mgonjwa kwa huruma.

Fundi alikuwa amekonda. Mkono wa kulia ulifungwa bendeji mpaka ncha za vidole. Ncha zenyewe zilikuwa za rangi ya zambarau, na kidole cha shahada kilielekea upande usio wake.

Randa alielewa mara moja. Walimtaka achimbe ubao kwa nyuma, akakataa. Wakamvunja vidole, wakamtafuta mwingine. Hawakujua kwamba mkono huo watauhitaji.

Alitaka kumuua Koti papo hapo, mbele za watu. Alijikaza.

"Msafara umepita soko," Mkuu alinong'ona sikioni. "Umebaki muda kidogo."

Watu walisogea karibu: wanawake na vitambaa vyao vya sherehe, wazee, watoto waliobebwa mabegani. Pandit alichukua patasi nyembamba kwenye meza ya zana, akampa Fundi. Fundi aliipokea kwa mkono uliofungwa. Ikadondoka. Akaiokota, ikadondoka tena.

"Basi rangi," alisema Koti.

"Mimi nitamshikia," alisema Randa.

Mkono wa Koti uliingia ndani ya koti. "Wewe nani?"

"Dada yake. Tumbo moja."

Koti alimtazama Pandit. Pandit hakumtazama.

"Mkono wa fundi na wa ndugu yake ni mkono mmoja," alisema mzee. "Tuanze."

Ukumbi mzima ulikuwa ukitazama. Koti angefanya nini? Alijibana nyuma yao, karibu kiasi kwamba Randa alisikia harufu ya sigara yake.

Randa alishika patasi. Fundi akauweka mkono wake mbovu juu ya wa dada yake. Ulikuwa wa moto.

"Nani kakuita?" Fundi alinong'ona.

"Nilipita tu."

"Ulikimbia karakana ukisema vumbi linakuharibia nywele."

"Kaka, ongoza."

"Umeshika patasi kama mtu anayekoroga uji."

Walianza na Ganesh. Fundi alisukuma kwa kiganja, Randa akafuata. Vipande vidogo vya mbao vikaanguka, jicho likafunguka. Pandit aliinua kioo mbele ya uso ule ili mtazamo wa kwanza uangukie hapo. Dua ikasomwa. Kisha Krishna. Kisha Saraswati. Kila msukumo ulimuumiza Fundi, na Randa aliyapokea maumivu hayo kwenye mgongo wa mkono wake.

Alingoja neno lolote. Fundi hakusema kitu. Pumzi ya Koti ilikuwa shingoni mwao.

"Nauona msafara na daraja kwa pamoja," alisema Mkuu. "Nawageuza."

Randa alikohoa, kiganja mdomoni. "Bado."

"Randa."

"Nakuomba."

Walifika kwa Lakshmi. Randa aliinua patasi. Mkono wa Fundi ulikaa juu ya wake, mzito, haukusukuma. Kisha ukauvuta wake chini.

"Huyu bado," alisema Fundi. "Ubao haujatulia. Twende mbele."

Pandit alishangaa, akafuata na kioo chake. Koti hakujali, kwake nyuso zote zilikuwa sawa. Lakini Randa hakuwahi kumwona kaka yake akiruka uso. Huyu alikuwa mtu wa kuacha chakula kipoe kwa sababu ya ukucha mmoja wa tausi. Asingempa Lakshmi macho ili kitu cha kwanza akione kiwe mauaji; bomu limo humu.

Au ni maumivu tu yaliyomzidi? Au kweli ubao umepinda? Hakukuwa na nafasi ya kuuliza.

Randa aliidondosha patasi kwa makusudi. Akainama kuiokota. Vidole vyake vilipita nyuma ya ubao, chini, vikakuta mfuniko uliogundishwa hovyo, kazi ya mtu asiye na haya. Akakibandika kifaa hapo. Taa yake ndogo ilikuwa nyekundu.

Nyekundu.

Nyekundu bado.

Ikawa kijani.

"Geuza," alinong'ona akiwa bado ameinama. "Wageuze sasa hivi."

Muda haukupita, redio ya Koti ikakoroma. "Wamegeuka darajani," ilikuwa sauti ya Mfadhili, safari hii si laini. "Toka humo. Toka."

Koti alielewa maana ya kutoka. Lakini kazi yake moja ilikuwa haijakwisha. Bastola ilichomoka ndani ya koti, mdomo wake ukaelekea kisogo cha Fundi.

Randa alichukua nyundo ya mti kwenye meza ya zana, akaipiga chini ya kiwiko cha Koti. Mfupa ulilia. Pigo la pili lilimkuta sikioni, akaanguka kama gunia. Mama mmoja alipiga ukelele, watoto wakakumbatiwa.

"Pandit, watoe kwa mlango wa nyuma. Kaka, nenda nao."

"Kile kidude kitashika?" aliuliza Fundi.

"Sijui," alisema Randa. Hiyo ilikuwa kweli tupu.

Akatoka nje kwenye jua.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo cha Prado, Mfadhili alikuwa ameinamisha kichwa. Bega lake la kulia lilicheza. Alikuwa anabonyeza. Randa alivuka barabara bila kukimbia, maana akikimbia Mfadhili angeondoa gari. Mgongo wake wote ulikuwa ukiusubiri mlipuko. Nyuma yake walikuwamo kaka yake na watoto wa watu. Alimwomba Mungu, na hakuchagua jina.

Bega lilicheza tena. Na tena.

Ukumbi ulikaa kimya.

Randa alichomoa bastola yake ya Glock chini ya shati, akagonga kioo kwa mdomo wake. Mfadhili aliinua uso uliolowa jasho.

"Usibadilishe betri," alisema Randa. "Nzima. Fungua mlango."

"Wewe ni nani?"

"Mtu wa maua."

Wataalamu wa mabomu walikuja, wakamshusha Lakshmi kama wanavyoshusha mgonjwa kitandani. Walitoa tumboni mwake kitu ambacho Randa hakutaka kukitazama, wakaondoka nacho. Mfadhili na Koti walikwisha kupakiwa. Watu walirudi ukumbini kidogo kidogo, wakiongea kwa sauti za chini.

Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, daktari akimfungua bendeji. Randa alimsikia daktari akisema mifupa itaunga. Akamsikia kaka yake akiuliza kama atashika patasi tena. Daktari aliinamisha kichwa, akaanza kufunga bendeji mpya.

Pandit alitoka. "Lakshmi amerudishwa ukutani," alisema kwa upole. "Tungoje siku nyingine?"

"Hakuna siku nyingine," alisema Fundi. Alinyanyuka, akaingia.

Randa alichukua patasi, akasubiri uzito wa mkono ule juu ya wake. Haukuja.

"Wewe," alisema Fundi.

"Kaka, si mkono uliochonga."

"Ndio uliobaki."

Randa alichonga. Alichonga polepole, akiogopa kuliko alivyoogopa barabarani. Alipomaliza, jicho la kushoto lilikuwa chini kidogo ya la kulia. Pandit aliinua kioo.

"Limekwenda upande," alisema Randa.

"Nimeona."

"Nilirekebishe?"

Fundi alitikisa kichwa. Alisimama mbele ya uso ule, mkono wake umekumbatiwa kifuani, akalia waziwazi mbele ya watu, naye hakuwa mtu wa kulia. Randa alimshika bega mpaka akatulia. Kisha akavaa miwani yake ya jua, akatoka.

Gari la idara lilikuwa likinguruma mlangoni. Mkuu alikuwa kiti cha nyuma.

"Kaka yako mzima?"

Randa alikung'uta vumbi la mbao kwenye mkono wa shati. Halikutoka lote.

"Yu hai," alisema, akafunga mlango. "Endesha."