Alama ya Kidole Kwenye Sarafu

Kila likizo Kidoti alimsaidia shangazi yake, mpiga picha, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba, ambako kaka yake pia alikuwa ameajiriwa. Siku za picha za harusi alizipenda, kwani watu waliingia na kutoka wakicheka. Siku ya sarafu ilikuwa habari nyingine. Mfanyabiashara wa sarafu za kale alileta boksi la sarafu adimu ili zipigwe picha za kitabu chake cha mauzo. Zikiwa mezani, mlango ulifungwa na ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Shangazi. Feni nayo ilizimwa, isipeperushe vumbi. Hakuna kutoka mpaka mwenyewe azichukue.

"Leo tutaiva humu," Shangazi alitania. "Shika ukingoni tu, na glavu usivue."

Glavu zililowa jasho, vidole vikamwasha. Shangazi alipogeuka kubadilisha balbu, Kidoti alizivua, akaweka sarafu ya fedha chini ya kamera kwa mkono mtupu. Iliteleza, akaikandamiza kwa kidole gumba. Kisha akavaa glavu haraka haraka.

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, sarafu ilijaa kioo kizima. Juu ya bawa la ndege aliyechongwa palikuwa na alama ya kidole.

Shangazi alishusha pumzi. "Kaka yako huyu. Si ndiye aliyezitoa kwenye boksi asubuhi, kabla sijamtuma dukani na kufunga mlango? Sikio la kufa kweli halisikii dawa. Akirudi, namwambia atafute kazi kwingine."

Kidoti aligutuka. Kaka yake aliipenda kazi hii kuliko chakula. Aliutazama mlango, akalitazama dirisha. Kote kumefungwa.

"Shangazi, si unaweza kuifuta hapo kwenye kompyuta?"

"Kwenye picha nitaifuta. Sarafu je? Mtu atanunua picha?"

Kidoti aliikodolea macho ile alama. Katikati yake ulipita mstari mwembamba, wa kovu alilopata akikata mboga. Shangazi hakuwa ameuona. Kidoti alificha gumba ndani ya ngumi, akaona aibu, akahisi chumba kinazidi kuwa kidogo. Mwishowe akavua glavu.

"Si kaka, Shangazi. Ni mimi. Tazama hapa."

Shangazi alitazama gumba, akatazama kioo. Mara mteja, mwenye sarafu zile, akabisha hodi. Shangazi alimfungulia, akamweleza yote kabla hajaketi.

Mteja alikunja uso. Alitoa kichupa mkobani, akadondoshea sarafu dawa kidogo, akaigusisha pamba bila kusugua. Alama ikatoka.

"Bahati yenu alama bado ni mbichi," alisema. "Mngenyamaza mwezi mmoja, jasho lingeila fedha, na hapo hakuna dawa."

Alipoondoka na boksi lake, Shangazi aliuacha mlango wazi. Upepo ukaingia.

"Umemsikia, mwanangu? Kosa bichi hutoka. Ukilifunika linakula, na lingeanza kumla kaka yako. Siku nyingine glavu zikikuchosha, sema, tupumzike." Akawasha feni. "Sasa kaa hapo mlangoni tumngoje. Wewe una la kumwambia, na mimi niliyemhukumu bila kumuuliza ninalo pia."