Nyayo za Vidole Vinne

Msimu wa mpunga kukomaa, kila asubuhi Edna hupanda dunguni, kwenye jukwaa la miti shambani, kuamia ndege wasile mpunga. Asubuhi hiyo hakupanda. Yeye na mama yake, Yosefina, walibeba wali hadi kituo cha polisi Ifakara, kwa kuwa kaka yake Dionisi alikuwa mahabusu.

Dionisi ni mchapakazi hasa, ila hasira zake za karibu mno. Jana yake alikuta kona ya shamba imevurugwa. "Ng'ombe wa Sayi hao!" alifoka. Akachukua fimbo, akamvamia mfugaji huyo na kumtegua mkono kabla hajauliza neno.

Nyuma yake, Edna aliinama matopeni. Kila mguu wa ng'ombe una kwato mbili. Nyayo zile zilikuwa pana, za vidole vinne. Kiboko! Tangu hapo moyo wake ulikufa ganzi. Hakulia, wala chakula hakukisikia ladha.

"Ukisema habari za nyayo ulizoniambia, umemfunga kaka yako," mama alimnong'oneza mlangoni.

Ndani, Sayi alikaa mkono ukiwa umefungwa kitambaa. Dionisi alisimama mbele ya Sajini Lukelo.

"Shikamoo, afande," Edna alisema.

"Marahaba, binti. Uliona ng'ombe shambani?"

Edna alimtazama kaka yake. Alimpenda, na hata hilo hakulihisi.

"Sikuona ng'ombe. Niliona nyayo za kiboko."

Mama alishika kichwa. Dionisi alimgeukia mfugaji. "Mimi sikuangalia chini," alisema. "Kaka Sayi, nimekukosea. Nisamehe."

Sayi aliguna. "Ukifungwa, ng'ombe wangu nitawachunga kwa mkono upi? Njoo uwachunge wewe mpaka nipone."

Mkulima kuchunga ng'ombe! Hata sajini alitabasamu, akakubali wapatane.

"Sikia, Dionisi," alisema. "Kuwa na hasira si kosa. Hata mimi ninazo. Wanaolala humu ni wale ambao mkono wao hutangulia macho. Hasira hasara. Angalia kwanza."

Nje, Dionisi alimgeukia Edna. "Umenianika mbele za watu!" Mkono ukapanda juu.

Edna hakukwepa. Dionisi aliutazama mkono wake, kisha uso wa mdogo wake. Akaushusha taratibu, akampokea kapu la vyombo vya wali.

Hapo ndipo machozi ya Edna yalipotoka, na hayakukatika mpaka walipofika shambani.

"Acha alie," mama alisema. "Leo ametusaidia sote kuona."