Jumatano Uliyompa Haas Viti Vitupu

Wewe uliviona vile viti. Usinikatalie. Ulipita mbele ya ukumbi wa askari wastaafu umekumbatia bakuli lako la viazi vya kuoka, ukaona dirishani mtu mzima anahutubia viti vya chuma, ukageuza uso kana kwamba jua limekupiga machoni. Ukavuka barabara, ukashuka ngazi za kanisa, ukala ukashiba. Nakumbuka. Namkumbuka hata yule mwalimu aliyegombea kabla yake, mkamfanyia hivyo hivyo, kisha mkakaa miaka mkilalamika kwamba Des Moines, makao makuu ya jimbo, hawatusikii.

Basi sikiliza yaliyokuwa nyuma ya lile dirisha.

Noreen Kluesner, aliyeandaa mkutano ule wa kampeni ya Haas, alikuwa amesimama kando ya birika la kahawa, simu sikioni, pete ya uchumba ikimbana kidole.

"Gerrit, pokea basi," alinong'ona.

Gerrit Hoksbergen, mchumba wake, hakupokea. Aliyemsogelea ni Brice, meneja wa kampeni, kijana wa Des Moines mwenye viatu visivyowahi kukanyaga matope.

"Watu wako wapi, Noreen?"

"Sijui."

"Wewe si ndiye unayeolewa kwao?"

"Nimesema sijui, Brice."

"Usiumie. Watu wa kanisani hatuwahitaji. Haas ni mtu wa katikati, si wa siasa kali. Tukipata madaktari, walimu na wale wa mji mkubwa, mchujo wa chama tunaumaliza."

"Chama hapa kinakaa kwenye mabenchi ya kanisa. Bila wao huyu mzee hata kushindwa kwa heshima hawezi."

"Sasa mbona hawajaja?"

Corwin Haas mwenyewe, aliyetibu mifugo ya wilaya ile tangu ujana wake, alishuka jukwaani akijifuta miwani.

"Nimewahi kuhutubia ng'ombe," alisema. "Angalau wao walikuwa wananitazama."

Simu ya Noreen ikatetemeka. Ilikuwa meseji ya Bi Alida, mama yake Gerrit.

"Noreen, leo ndiyo karamu ya kufunga msimu wa Jumatano zetu za kanisa. Mnatuwekea mkutano saa ya maombi halafu mnataka kura zetu? Nilidhani umelelewa."

Alisoma, akarudia kusoma. Jumatano jioni ni ya kanisa. Hata kocha wa shule hathubutu kupanga mechi. Noreen ni Mkatoliki kutoka mji wa Dubuque, mtu wa kuja, lakini hilo alilijua vizuri. Ndiyo maana alimuuliza Gerrit kwanza. Akaitafuta meseji aliyojibiwa na Gerrit.

"Wiki hiyo tutakuwa tumeshafunga msimu. Weka mkutano wako bila wasiwasi, mpenzi."

Labda alisahau? Lakini Gerrit ndiye aliyesimamia kuchoma nyama ya karamu. Mtu anasahauje moto aliouwasha mwenyewe?

Akavuka barabara.

Katika ukumbi ulio chini ya kanisa, nusu ya mji ilikuwa mezani. Gerrit, amefunga aproni, alikuwa anapakua nyama. Alipomwona, kijiko kilisimama hewani.

"Noreen. Kula kwanza."

"Ulijua?"

"Tuongee nje."

"Nimekuuliza, ulijua?"

Gerrit akatazama nyama. "Nilijua."

"Ukaniacha niwatukane watu wako bila kujua?"

"Haas akishinda atakuchukua Des Moines. Kila mtu anasema. Mimi nina mashamba hapa, siwezi kuyabeba mgongoni. Nilitaka ashindwe, tuoane, yaishe."

"Mbona hukuniambia 'usiende'?"

"Ungebaki?"

Noreen hakujua. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba hakujua.

"Na tena," Gerrit akaongeza, sauti ikipanda, "si ninyi mnasema mnaweza kushinda bila sisi? Basi shindeni."

"Aliyesema hivyo ni Brice. Mimi ndiye niliyekuwa nawatetea kila siku. Dhidi ya watu wangu mwenyewe, Gerrit."

Wakati huo huo mchungaji akashika kipaza sauti, akauliza kama kawaida ya Jumatano: nani ana furaha au ombi la kushirikisha wenzake? Bibi mmoja akaombea goti lake. Mwingine akashukuru kwa mvua. Kisha Noreen akanyoosha mkono.

"Mimi nina ombi," alisema, na vijiko vikatulia. "Naomba mniombee nijue la kufanya. Niliuliza kama leo ni siku yenu ya ibada, nikaambiwa mmeshafunga msimu. Aliyeniambia ni mwanamume ninayetarajia kuolewa naye humu kanisani. Mkutano ule si dharau ya Haas. Ni uongo niliouamini. Sijui kama nimpende au nimrudishie pete. Ni hilo tu."

Wewe ulitazama sahani yako. Nilikuona.

Bi Alida alisimama taratibu, akimtazama mwanawe.

"Gerrit, ni kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Uongo wa Jumatano." Alivuta pumzi. "Mimi huyo Haas simpigii kura. Amelegea, kila swali ana majibu mawili. Lakini mtu hatahutubia viti kwa uongo uliotoka nyumbani kwangu. Beba hiyo sufuria. Tunavuka."

Walivuka, si wote, lakini walivuka. Walikaa wamekunja mikono, wakamkaba Haas kwa maswali magumu: ya kutoa mimba, ya shule, ya sala. Mengine aliyajibu vizuri, mengine akababaika. Brice alinong'ona, "Tumewapata?" Noreen akajibu, "Sijui. Lakini sasa angalau watamkataa wakiwa wamemsikia."

Nje, Gerrit alikuwa ameegemea gari lake la mizigo, aproni bado kiunoni.

"Naomba radhi, Noreen."

Noreen akavua pete, akaishika kiganjani.

"Mji mzima unaamini Haas alilidharau kanisa. Waliosikia ukweli ni wa chini ya kanisa tu. Jumamosi nitapita nyumba kwa nyumba. Utakuja nami, na kila mlango utasema mwenyewe ulichofanya."

"Mimi simpigii kura."

"Sijakuomba kura. Nimekuomba ukweli."

"Na Des Moines?"

"Hakuna aliyeniita Des Moines. Nikiitwa, utaniambia ninachotaka kusikia au kinachokuuma?"

"Kinachoniuma."

"Kila mlango, Gerrit. Wa mwisho ukifungwa, utanivisha tena hii."

Gerrit akafungua aproni, akaikunja. "Tuanze kwa nani?"

Sasa ni Jumamosi. Wameshatoka kwa Bi Alida, wameshapita kwa mchungaji. Gerrit sauti imemkauka kwa kurudia aibu ile ile. Jumanne ni kura, na kama mtu wa katikati anaweza kushinda bila nyinyi mnaosali, hata mimi sijui. Ninachojua ni kwamba hajawahi kupewa nafasi ya kushinda pamoja nanyi. Wanapanda ngazi zako. Unasikia hatua zao, na tayari umepunguza sauti ya televisheni ili wadhani hupo.

Inuka. Fungua mlango.