Mgeni Asiyetoa Mvuke

Ukizaliwa kijijini Alaas-Kuol hufundishwi salamu. Inakuota mdomoni pamoja na meno. Mtu akikutana na mwenzake humwambia, "Simulia!" Naye mwenzake, hata kama zizi lake limeungua asubuhi hiyo, hujibu, "Hakuna. Simulia wewe." Habari zenyewe hungoja mpaka mgeni ameketi karibu na jiko na ametia kitu tumboni. Tuyaara alikuwa ameishi mjini miaka kumi na sita na alikuwa amesahau mengi, lakini hilo hakulisahau. Laiti angelisahau!

Siku ya nne tangu afike kwa mama yake kwa likizo, yeye na bintiye Kunnei, mama aliinua kifuniko cha pipa la maji, akachungulia, akaguna.

"Nenda kalete barafu kabla giza halijashika. Na huko nje usiseme na mtu."

"Mama, saa tisa alasiri hii! Nitasema na nani, mbwa?"

"Hata huyo mbwa. Siku hizi si zetu."

Mama, Bibi Maarpa, alikuwa akizungumzia zile siku kumi na mbili baada ya Krismasi, ambazo sulukun, watu wa majini, hutoka chini ya barafu ya ziwa na kutembea vijijini. Wanajua ya jana na ya kesho, alisema, tena kwa mara ya tano tangu Jumatatu. Jua likishatua usiwaulize neno. Ukiwauliza umewakaribisha, na aliyekaribishwa hulishwa.

Tuyaara alikuwa mwalimu wa hesabu. Alifunga kofia yake ya manyoya, akamkonyeza Kunnei aliyekuwa akichora nyuma ya jiko, akatoka. Kaka yake Erchim alikuwa ameondoka alfajiri kwenda ziwani kuvuta nyavu, akaahidi kurudi saa nane. Ndani ya nyumba hakuna aliyetaja kwamba amechelewa. Mambo mengine ukiyataja umeyaita.

Nje palikuwa na nyuzi hamsini na mbili chini ya sifuri. Jua, ambalo huko kaskazini hutua mapema majira ya baridi, lilikuwa limeshatua, limeacha uwekundu kidogo nyuma ya misonobari. Moshi wa majiko ulisimama wima juu ya mapaa. Kila alipotoa pumzi iliganda hapo hapo ikaanguka... shhh... kama mchele unaomiminwa chunguni.

Barafu ya kunywa ilikuwa imepangwa nyuma ya nyumba, mapande makubwa waliyoyakata ziwani mwezi wa kumi na moja. Tuyaara alivuta pande la juu. Halikutoka. Akainama achukue mtaimbo.

Ndipo aliposikia harufu.

Tope. Tope la chini ya ziwa, na majani yaliyooza. Katika baridi ile hakuna kinachonuka, hata samaki wa juzi hanuki. Alinyanyua kichwa akaona mtu amesimama upande wa pili wa mapande, kanzu ndefu ya manyoya, kofia imeshuka mpaka machoni. Bahilai, alidhani. Jirani yao Bahilai alipita kila siku kuomba samaki, akaondoka na samaki na matusi ya mama.

"Simulia!" alisema Tuyaara.

Ulimi ulikuwa umeshatangulia.

Yule mtu akasema polepole, "Ninazo."

Hakuna mtu anayejibu hivyo. Mtoto wa miaka mitatu hajibu hivyo. Tuyaara alimtazama vizuri, na hapo mwili ukamsisimka kabla akili haijajua sababu. Yeye mwenyewe alikuwa akifuka kama sufuria. Mbwa aliyejikunja chini ya ngazi alikuwa akifuka. Yule amesema, midomo imefunguka na kufungika...

Hakutoa mvuke.

"Erchim amenipa mkono," alinong'ona mgeni.

"Mkono gani?" Aliuliza tena! Hofu haina adabu, humpokonya mtu ulimi wake na kuutumia.

"Wa kulia. Sijamwachia bado." Alisogea hatua moja. Theluji haikulia chini ya viatu vyake. "Umeuliza mara mbili. Nami nina njaa."

Tuyaara hakukumbuka alivyofika mlangoni. Alijitupa ndani, na ukungu wa baridi ukajiviringisha naye sakafuni mpaka miguuni pa meza. Aliweka komeo. Mlango wa nyumba ile haukuwa umewekwa komeo tangu baba yake alipokuwa hai.

"Iko wapi barafu?" aliuliza mama, kisha akauona uso wake. "Umeuliza."

"Mama, nilidhani Bahilai..."

"Umeuliza!"

Alimweleza kwa kunong'ona, Kunnei asisikie. Kwa mara ya kwanza maishani alimwona mama yake akitafuta pa kukalia. Mara mlango ukaguswa. Haukubishwa, uliguswa tu, kama mtu anayepapasa ng'ombe ili ajue amenona kiasi gani.

"Twende zetu wote kwa Bahilai," alisema Tuyaara. "Nimchukue Kunnei, wewe uvae..."

"Uwanjani ni kwake. Humu karibu na moto ni kwetu. Mtoto hatoki." Mama alikuwa ameshasimama. "Wewe pita dirisha la upande wa zizini, mwamshe Bahilai, nendeni ziwani. Mimi nitamlisha mgeni. Akila atamwachia."

"Umfungulie? Na mwanangu yumo ndani? Umerukwa na akili?"

"Na yule aliye ziwani ni mtoto wa nani?"

Walitazamana. Tuyaara alimpenda Erchim kuliko alivyowahi kumwambia, ndiye aliyemfundisha kusoma, ndiye aliyeuza farasi ili yeye asome. Lakini je, kama hakuna lolote lililompata? Kama yule wa nje ametunga uongo ili nyumba ibaki na kikongwe na mtoto? Alimtilia shaka mgeni. Akamtilia shaka mama yake pia, mwanamke aliyeongea na moto na kuamini kila kitu. Zaidi ya wote alijitilia shaka mwenyewe.

"Kunnei," alisema bibi kwa sauti ya kawaida kabisa, "kaa hapo hapo nyuma ya jiko, uzibe masikio mpaka nikuguse. Ni mchezo."

Tuyaara alipita dirishani.

Bahilai alianza kwa utani wake. "Ehe, mwalimu! Umekuja kunikamata kwa samaki wa jana?" Aliposikia jina la Erchim na ziwa akavaa, akawasha pikipiki yake ya theluji bila kuuliza. Mwendo wa dakika ishirini. Tuyaara alikaa nyuma yake akihesabu kila mti, na kila mti ulimwambia jambo moja: umedanganywa, geuka, mwanao yumo ndani na hicho kitu. Mara mbili aliinua mkono ampige Bahilai begani wageuze. Mara mbili akaushusha.

Ziwani waliona taa ya pikipiki ya Erchim. Injini ilikuwa inanguruma. Hapakuwa na mtu juu yake.

Erchim alikuwa amelala kifudifudi juu ya barafu, mkono wa kulia umezama kwenye tundu la barafu la kupitishia nyavu mpaka juu ya kiwiko. Tundu lilikuwa limeanza kuganda tena. Nyusi zake zilikuwa nyeupe, na kisu kilikuwa pembeni, mahali ambapo mkono wa kushoto haukufika.

"Dada," alisema. Pumzi yake ilifuka kidogo tu. "Kanishika."

"Nani?"

"Nilidhani ni kamba..."

Bahilai alipiga barafu kwa mtaimbo, akapiga, akapiga, vipande vikaruka. Tuyaara alimkumbatia kaka yake kiunoni na kuvuta huku akilia kwa sauti bila aibu. Hakutoka. Kilichokuwa chini nacho kilivuta, taratibu, bila haraka yoyote. Bahilai akainua mtaimbo mara nyingine.

Mkono ukatoka wenyewe.

Mtaimbo ulikuwa bado hewani. Tuyaara na kaka yake walianguka chali. Kifundo cha Erchim kilikuwa kimezungukwa na kamba ya nyavu, na Bahilai akasema, "Ni kamba tu. Ni kamba," ingawa hakuna aliyemuuliza. Chini ya kamba palikuwa na alama nne za buluu zimepangana, na ya tano upande wa pili.

Walimfunga kwa manyoya na kurudi mbio. Nyumbani komeo lilikuwa limefunguliwa. Tuyaara aliingia akiita jina la mwanawe, akamkuta pale pale nyuma ya jiko, mzima, vidole masikioni. Bibi Maarpa alikuwa ameketi mezani. Sahani ya siagi ilikuwa tupu. Chapati za maji zilikuwa zimekwisha, na samaki watatu, na nyama ya farasi iliyowekwa kwa ajili ya wiki nzima. Kiti cha mbele yake kilikuwa kimelowa, na chumba kizima kilinuka tope.

"Kala?" aliuliza Tuyaara.

"Kala. Hakushiba, lakini kaondoka."

Muuguzi wa kijiji alikuja, akasema vidole viwili huenda vikapotea na vilivyobaki vitapona. Kufikia saa kumi na mbili jioni Erchim alikuwa anakunywa chai kwa mkono wa kushoto na kulalamika kwamba nyama yake imeliwa. Bahilai alicheka mpaka akapaliwa. Hata Tuyaara alicheka. Furaha ilimjaa kifuani mpaka ikamuuma: kaka yupo, mtoto yupo, mama yupo, wote kwenye meza moja. Kisha akatambua kwamba Kunnei hajasema neno.

Alimvuta kando. "Uliziba masikio, mwanangu, siyo?"

"Niliziba. Sana." Mtoto alitazama sakafu. "Lakini yeye hakusema kwa mdomo."

"Alisema nini?"

"Alisema chakula kilikuwa kingi kuliko ile habari ya mjomba. Kwa hiyo akaniongezea nyingine." Kunnei aliweka kiganja juu ya midomo yake. "Ameniambia nisiisimulie. Barafu ya ziwa ikiyeyuka mtaijua wenyewe."

Kisha Kunnei, ambaye kwa siku nne zote alikuwa akimkimbia bibi yake kwa sababu ananuka moshi, alizunguka meza. Akapanda mapajani pa bibi, akamkumbatia shingo kwa mikono yote miwili, akaficha uso wake hapo.

"Aa! Leo bibi kapendwa," alisema Erchim.

"Mama," sauti ya mtoto ilitoka kwenye shingo ya bibi, "tusirudi mjini Jumapili. Tukae mpaka barafu iyeyuke."

Tuyaara alifungua mdomo. Mama yake alimtazama juu ya kichwa cha mtoto, akatikisa kichwa polepole. Mkono wake ulikuwa ukipapasa nywele za Kunnei, na ulitulia kabisa, kama mkono wa mtu aliyeambiwa saa ya safari yake.

"Wewe leo umeshauliza vya kutosha," alisema. "Mwongeze kaka yako chai."