Kabichi Kumi Zaidi

Baridi ya Novemba ikianza kuuma, kijiji chetu chote hunuka kitunguu saumu. Ni msimu wa kimchi, kabichi za kuchachusha za kula hadi baridi iishe.

Bunrye na wifi yake Okju walikuwa wameosha kabichi hamsini zilizolala kwenye chumvi. Kabla ya kuzipaka pilipili ilibidi wagawane, kwa sababu Okju hupenda kali ya kutoa machozi.

Mume wa Bunrye ndiye kifungua mimba. Matambiko ya wazee hufanyika kwake, na wageni lazima wale. Ndiyo maana Bunrye hupata kabichi kumi zaidi ya Okju.

Bunrye aligawa nusu kwa nusu, ishirini na tano kila fungu. Kisha akachukua kumi kutoka fungu la Okju, akaziweka kwenye lake.

"Haya, kumi zaidi."

Okju akahesabu. "Wewe thelathini na tano, mimi kumi na tano! Hiyo ni ishirini zaidi! Mwaka jana ulinifanyia hivihivi nikanyamaza."

"Unaniita mwizi, wifi?"

"Jina jichagulie mwenyewe." Okju akavua glavu. "Huku sikanyagi tena."

Bunrye alimpenda sana wifi yake, pamoja na mdomo wake.

Jirani yao, Mwalimu Gapsun, akaingia na bakuli la kuonjea. "Kelele zenu zimenifikia kabla ya harufu," akasema. Akatazama mafungu. "Bunrye, kabichi moja ikihama, kwake inapungua na kwako inaongezeka. Tofauti inakua kwa mbili."

"Sasa nifanyeje, Mwalimu?"

"Fungu la Okju hatulijui. Tuliite k. Lako je?"

"K na kumi."

Mwalimu akaandika kwa kidole juu ya unga wa pilipili:

k + k + 10 = 50

"Zile kumi ziweke kando kwanza. Zinabaki ngapi?"

"Arobaini. Hizo ni k mbili." Bunrye akaruka. "K moja ni ishirini!"

"Hakikisha."

"Okju ishirini, mimi thelathini. Jumla hamsini. Tofauti kumi!"

Akarudisha kabichi tano kwa Okju. "Nisamehe, wifi. Sikujua."

"Hata mimi nilijua kulalamika tu," Okju akasema, akivaa glavu. "Leta pilipili. Yangu usipime, mwaga!"

Siku ya matambiko Okju alifika wa kwanza, amekumbatia mtungi wa kimchi yake.

"Ongeza hii mezani," akasema. "Wazee ni wetu sote."