Tendegu la Kitanda cha Mtoto

Mwaka juzi, Babati ilipoanza kujizoeza kuitwa makao makuu ya mkoa, kila mtu alikuwa anajenga, na Hatibu wa Maisaka aliuza misumari na bawaba mpaka akasahau kula mchana. Duka lilimpa riziki, ila moyo wake ulikuwa kwenye mbao. Ndiyo maana siku alipokiona kimashine cha kukereza kimelala chini ya magunia nyuma ya nyumba ya Mama Genoveva, mjane wa kijiji cha Bonga, alichuchumaa pale pale akaanza kukipangusa kwa kanzu yake safi.

Kilikuwa kidogo, cha kuweka juu ya meza, chenye ncha mbili za kubana mti na kuuzungusha huku patasi ikiuchonga. Marehemu Elibariki, mume wa mjane huyo, alikuwa akikitumia kujifurahisha tu.

"Utakerezea nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Vishikio vya droo, mama. Na miiko."

"Basi chukua. Miiko haina neno."

Hatibu hakuuliza ni kipi chenye neno. Furaha ilikuwa imemziba masikio.

Alikifufua taratibu, kila baada ya sala ya alasiri. Alikilowesha kwa mafuta ya taa, akasugua kutu kwa brashi ya waya, akabadilisha beringi, akafunga mota ya cherehani na mkanda mpya. Alipokiwasha kilinguruma kwa upole, kama paka aliyeshiba. Hatibu alicheka peke yake. Haki ya Mungu, alikuwa na raha.

Sasa, mkewe Zena alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya hii, na nyumba nzima iliishi kwa kunyata. Hakuna aliyethubutu kununua hata soksi. Kwao, kama kwa majirani wote, Waislamu kwa Wakristo, kitu cha mtoto hakiandaliwi kabla mtoto hajalia. Hatibu alilijua hilo tangu utotoni. Lakini mashine ilikuwa inazunguka vizuri mno, na kipande cha mninga kilikuwa kimekaa bure bandani. Akaanza kukereza matendegu ya kitanda cha mtoto, kimyakimya.

"Unatengeneza nini?" Zena aliuliza.

"Mguu wa stuli."

Uongo ulimtoka laini kabisa.

Hata tendegu la kwanza halijapata umbo, Zena akaita kutoka ndani. Hatibu akazima mashine, akakimbia. Alimkuta amekumbatia tumbo.

"Anazunguka," Zena alinong'ona. "Siyo kucheza, Hatibu. Anazunguka. Sasa hivi ndiyo ametulia."

Hatibu alirudi bandani akawasha tena, kujaribu tu. Zena akapiga ukelele.

Mpumbavu gani anajaribu mara ya pili? Hatibu anajiuliza mpaka leo.

Alichomoa waya ukutani, akalitoa tendegu mashinani, akaapa kwamba kesho yake kimashine kinarudi Bonga. Kulipokucha ilikuwa zamu yao ya mgao wa umeme. Maisaka yote ilikuwa kimya, hata mashine ya kusaga haikusikika. Hatibu alikuwa uani akitafuta kamba ya kufungia mzigo.

Akasikia mngurumo.

Akafungua banda. Jua lilipenya kwenye matundu ya bati. Waya ulikuwa chini, mbali na ukuta. Mashine ilikuwa inazunguka.

Akaukata mkanda kwa kisu. Ikaendelea. Kati ya zile ncha mbili zinazobana mti hapakuwa na mti. Lakini maranda yalikuwa yanadondoka. Mninga ni mwekundu. Haya yalikuwa meupe. Akaokota moja. Lilikuwa na joto.

Ndani, Zena akalia.

Hatibu hakufikiri. Aliidaka sehemu ile inayozunguka kwa mikono mitupu. Ngozi ikachunika. Akashikilia. Akaliita jina la Mungu. Akashikilia.

Ikasimama.

Mtoto alizaliwa mchana ule hospitalini, wa kike, mzima, akalia kwa nguvu mpaka baba yake mwenye bandeji mikono yote miwili akalia naye. Wakamwita Sabaha.

Hatibu alipokirudisha kimashine, Mama Genoveva aliziangalia zile bandeji kwa muda mrefu.

"Ulikereza cha mtoto."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Kabla hajalia."

"Ndiyo."

"Watu wanasema mimi na Elibariki hatukujaliwa mtoto," alinong'ona. "Tulijaliwa, mwanangu. Elibariki naye alikereza kabla hajalia."

Wakakizika kimashine shambani, wakamwaga zege juu yake.

Sabaha sasa anatembea, mtundu kupita kiasi, na Hatibu anampenda mpaka majirani wanamcheka. Ila tangu siku za kwanza, Zena alipokuwa akimwogesha, aliona mistari myembamba imekizunguka kifundo cha mguu wake wa kulia, imepangana sawasawa, kama kazi ya patasi. Muuguzi alisema ni mikunjo ya kitoto, itapotea akikua.

Haikupotea. Juzi Zena alimvua gauni, akamwita mumewe kwa sauti ya chini. Mistari ilikuwa imevuka goti, na ule wa juu kabisa ulikuwa bado mbichi.