Masizi ya Gari la Lorine

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea jioni ile lilikuwa simu ya Triza.

"Makokha, kesho saa moja asubuhi tuko kwako," alisema. "Kimanzi anakuja na betri mpya. Lakini nakuomba, sugua ekzosi. Unamjua huyu mwanamume wangu. Gari yeye huanza kulikagua matakoni."

Nilimsikia mumewe akicheka nyuma yake. "Mwambie nikikuta masizi narudi na betri yangu!"

Nilicheka pia. Nilikuwa sijacheka kwa wiki sita.

Triza alikuwa rafiki wa mke wangu, Lorine, tangu kwaya ya kanisa. Sasa alikuwa anachukua gari la Lorine ili asambazie keki zake, na mtoto wake wa miezi minane angekuwa anapanda nyuma. Kiti cha mtoto alikuwa amekwisha kukileta. Nilikifunga mimi mwenyewe kwa mkanda siku iliyotangulia, kisha nikafunga milango yote minne. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Betri ya zamani niliitoa wiki ya mazishi ya Lorine. Ilikuwa jikoni, chini ya meza, imekufa kabisa. Nayaeleza haya mapema kwa sababu ni muhimu.

Saa kumi na mbili na dakika tano nilichuchumaa nyuma ya gari, uani mwa ploti yetu hapa mtaani Lucky Summer. Nilikuwa na ndoo ya maji ya sabuni, stilwuli laini, zile nyuzi za chuma za kusugulia, na kopo la dawa ya kung'arishia chuma. Kazi hii ina utaratibu. Kwanza unaosha matope. Kisha unasugua masizi kwenye mdomo wa bomba la moshi, ukizungusha mkono upande mmoja tu, usije ukachora chuma. Mwishowe unatia dawa kidogo kwenye kitambaa kikavu na kupangusa hadi uone uso wako.

Baada ya dakika ishirini niliuona uso wangu.

Nilienda kumwaga maji. Niliporudi, mdomo wa bomba ulikuwa mweusi tena.

Sikushtuka. Nilikasirika. Nilisomea kemia chuo kikuu, na ninafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha rangi kule Industrial Area. Masizi hayatoki hewani. Nilidhani mabaki ya ndani yamechuruzika na maji, kwa hiyo nikazungushia kitambaa kwenye kijiti, nikasafisha ndani kadiri kilivyofika. Nikakausha. Nikang'arisha upya.

Nikageuka kuchukua kifuniko cha kopo. Nikageuka tena.

Mdomo ulikuwa mweusi.

"Mzee, hiyo paipu imekukosea nini?" Alikuwa Kyalo, mlinzi wetu, amesimama na kikombe chake cha chai. "Utaisugua hadi itoboke."

"Wewe umegusa hapa?"

"Mimi? Na hii yunifomu niliyofua leo?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akanusa hewa. "Umewasha gari?"

"Halina betri, Kyalo."

"Basi nani anachoma petroli?"

Hakungoja jibu. Alirudi langoni, haraka kidogo kuliko kawaida yake.

Nami nilikuwa nimeisikia ile harufu. Moshi wa gari... na ndani ya moshi, mafuta ya nazi. Yale ambayo Lorine alijipaka mikononi kila asubuhi.

Hapa lazima niseme nilichoficha.

Watu wote wanajua kwamba Lorine alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Mimi ndiye niliyewaambia. Ripoti ya daktari ilisema gesi ya sumu ya moshi wa gari. Alikwama kwenye foleni ya magari katika mvua kubwa, vioo vimefungwa, injini inanguruma, kwa muda wa saa tatu. Chini ya gari paipu ya moshi ilikuwa na ufa, na kwenye sakafu ya buti, pale pa kuwekea mizigo, palikuwa na tundu ambalo kiziba chake cha mpira kilipotea. Wiki mbili kabla ya hapo aliniambia, "Makokha, hili gari linanuka moshi. Linaniumiza kichwa." Nilimjibu kwamba ekzosi ni chafu tu. Jumamosi nikaisugua. Ikang'aa. Akanishukuru.

Kwetu Bungoma, siku ya tatu baada ya mazishi jamaa hunyolewa, na mume husimama mbele ya watu aeleze jinsi mkewe alivyokufa. Hiyo ndiyo kazi ya siku hiyo: kila kitu kisemwe, marehemu asibaki na la kuongeza. Nilisimama. Nikasema moyo. Mama mkwe wangu, Mama Nalianya, alinitazama kwa muda mrefu.

"Hakuna ulichobakisha, mwanangu?"

"Hakuna, mama."

Na ule ufa sikuuziba. Fundi angeuliza maswali. Triza nilimwambia alichukue gari kama lilivyo.

Manyunyu yakaanza. Nilisugua mara ya tatu, kwa hasira sasa, bila utaratibu wowote, hadi ngozi ya vidole ikachubuka. Ni bomba tu, nilijiambia. Ni chuma. Nikapangusa mara ya mwisho, nikawasha tochi ya simu.

Chuma kilikuwa safi.

Halafu, nikiwa nakitazama, kikaanza kubadilika.

Hayakuwa masizi yaliyotapakaa. Zilikuwa alama za vidole. Nne. Zilianzia ndani ya bomba, zikakunjika juu ya ukingo, moja baada ya nyingine, kama za mtu anayejivuta atoke. Bomba lile lina upana wa sentimita tano. Nimelipima.

Alama ya kidole cha kati ilikuwa fupi.

Lorine alikatwa ncha ya kidole hicho na mashine ya kusaga mahindi, akiwa na miaka kumi.

Nikaweka kiganja mbele ya bomba. Hewa ya vuguvugu ikakigusa. Ikakoma... Ikaja tena... Ikakoma.

Ilikuwa pumzi.

Kho.

Kho... kho.

Ndani ya gari.

"Lorine?" nilinong'ona.

Ukasikika mlio mdogo, klik, wa mkanda ukifunguka.

Nilizunguka mbio. Vioo vyote vilikuwa vyeupe kwa mvuke wa ndani. Nilijaribu mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Yote ilikuwa imefungwa. Nikapangusa kioo kwa kiwiko, lakini mvuke ulikuwa upande wa pili. Nilitoa ufunguo, nikauangusha, nikauokota, nikafungua.

Hapakuwa na mtu. Kiti cha mtoto pia hakikuwapo.

Nilikiona nilipogeuka. Kilikuwa barazani kwangu, mbali na gari, kimeegemezwa ukutani mahali pasipofika mvua. Mikanda yake ilikuwa imekunjwa vizuri.

"Kyalo!" nikaita. "Nani amekitoa hiki kiti?"

Alikuja hadi nusu ya ua, akasimama hapo.

"Si yule mama aliyepita nacho sasa hivi, mzee?" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilidhani ni mtu wa kanisa lenu. Nimemsalimia, hakujibu. Alikuwa anakohoa tu."

"Ameingia kwa lango lipi?"

Kyalo aliangalia lango letu la pekee. Kisha akaangalia kikombe chake.

"Hilo ndilo najiuliza," alisema.

Asubuhi, saa moja kamili, Triza na Kimanzi walifika. Kimanzi alienda moja kwa moja nyuma, akachuchumaa, akapiga mluzi. "Lo! Kama kioo cha kinyozi!"

Ekzosi ilikuwa inang'aa. Hapakuwa na alama hata moja.

"Weka betri chini," nikamwambia. "Kuna jambo."

Niliwaeleza palepale, nimesimama. Triza alimkumbatia mtoto kifuani, akarudi nyuma hatua tatu.

"Ungeniacha nimfunge huyu humo ndani?"

"Ndiyo."

Hakunitukana. Alikichukua kiti barazani, akatoka langoni. Kimanzi alibeba betri yake. "Wewe na kemia yako," alisema, akamfuata mkewe.

Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya gari, nikampigia Mama Nalianya.

"Mama, siku ya kunyoa nilibakisha jambo."

"Sema."

Nikasema, harakaharaka. Nilipomaliza, nilisikia upande wake mtu akikohoa. Kho... kho.

"Nani yuko nawe, mama?"

"Niko peke yangu. Rudia. Anza mwanzo, na usiruke kitu."

Nikaanza mwanzo, kwa sauti, Kyalo na majirani wakisikia: harufu, kichwa kilichomuuma, stilwuli, Jumamosi ile. Nilipofika kwenye kiziba cha mpira, kikohozi kikatulia. Sijui kama kilikuwa kimekwisha, au kilikuwa kinasikiliza.

Sikuuliza. Niliendelea kusema.